Sanduku, Jeneza na Kasketi

Mwanangu Ndinda,

Sikuulizi kama u mzima, maana nakusikia hapo nje ukifua na kuimba. Nimeingia karakana, nimefunga mlango na kuketi juu ya meza ya randa ya baba yako. Vijana nimewaambia waende, warudi kesho, ili nyundo zisinipotezee mawazo. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya mashuka, na najua hutayagusa hayo mpaka ufike Mombasa utafute kitanda cha kulalia.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Shangazi yako amekuambia kuhusu wanaume, pasta amekuambia utafute kanisa mapema, na kuhusu joto la pwani umeambiwa na kila mtu hapa Mutomo aliyewahi kufika huko hata mara moja. Kupika unajua. Pesa unazishika vizuri kuliko mimi.

Ninachotaka kukuandikia kinatokana na jambo nililolisikia juzi. Ulikuwa chumbani na simu mkononi, unapitia zile picha ambazo mwajiri wako mpya amekutumia, na ulikuwa ukijizoeza mbele ya kioo namna ya kumpokea mteja. Ulisema, "Mpendwa wako anastahili kilicho bora." Ukarudia, mara ukiweka mkono kifuani, mara ukiuacha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la kunde, hukuniona. Sauti yako ilikuwa nzuri. Ungeniuzia.

Maneno ya namna hiyo niliyasema mimi miaka mingi kabla hujajua kusoma, na nataka ujue yalinifikisha wapi. Sikukatazi kazi. Wewe soma tu.

Baba yako alikuja hapa kutoka Mbooni akiwa fundi wa vitanda na kabati. Mutomo ni mahali pakavu, unapajua. Mvua ikinyesha na mbuzi wakinenepa, watu huoa, na wakioa hununua vitanda. Ukame ukija, hakuna anayenunua hata stuli. Tulikaa misimu miwili bila kuuza kitu cha maana, ndipo jirani mmoja akafiwa na mama yake pale hospitali ya misheni, akaja kumwomba baba yako amtengenezee sanduku kwa sababu la kutoka Kitui mjini lilikuwa ghali na gari lilikuwa mbali. Baba yako akalitengeneza. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Hatukukaa chini tukaamua kuwa watu wa masanduku ya maiti. Tulijikuta ndio hao.

Tukagawana kazi. Yeye alitengeneza, mimi niliuza. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa na wateja, mimi ndiye niliyeyapa masanduku majina. La mbao laini, lenye mabega, yaani lile pana kifuani na jembamba miguuni, nililiita la kawaida. La mbao hizohizo lakini lenye vanishi, vishikio vya shaba na kitambaa cheupe ndani, nililiita la kati. La mahogani, lenye satini iliyokunjwakunjwa, mto, na kioo kidogo cha kuonyesha uso, nililiita la heshima. Niliandika kwenye vipande vya katoni, nikavibandika.

Unaona nilichokifanya? Mtu aliingia akiwa ametoka mochari, macho mekundu, akasoma "la kawaida". Akamfikiria mama yake. Hakuna aliyetaka kusimama mbele ya ukoo wake na kusema amemnunulia mama kitu cha kawaida. Alipiga hatua moja, akafika kwenye "la heshima", akaniuliza kwa sauti ya chini bei ya mwisho ni ngapi. Nami nikamwambia, kwa sauti ya chini vilevile, kama watu wawili wanaoficha jambo. Watu wa hapa wanaweza kushinda sokoni kutwa nzima wakivutana bei ya mbuzi mmoja, wanamkagua meno, wanaondoka, wanarudi. Mbele ya sanduku hakuna anayevutana. Wanaona aibu. Mimi hiyo aibu niliiona kama baraka ya biashara yetu, nikamshukuru Mungu kwayo kanisani.

Sasa nikuambie habari ya Mzee Abdi. Humkumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, ndevu zimetiwa hina, na nyumba yake ilikuwa karibu na ule msikiti wa mabati. Siku moja aliingia dukani asubuhi akaniambia, "Mama Ndinda, nataka jeneza. Zuri. Ya kudumu."

Nilimpa pole. Akaitikia kwa adabu, ingawa alionekana kushangaa kidogo. Nikamwuliza marehemu ana urefu gani. Akasema yeyote, mrefu au mfupi, lakini fundi apime ya mtu mrefu. Nikadhani huzuni imemchanganya. Nikamwuliza linahitajika lini, akasema haraka hakuna, lakini lisichelewe sana. Akarudia kwamba anataka kitu cha kukaa miaka mingi. Nikampeleka kwenye la heshima. Akaligonga kwa kidole, akasikia mlio wa mahogani, akasema mbao hii ni nzuri, nimtengenezee ya hii. Akalipa bei yote palepale, hakuuliza hata kama kuna kupunguziwa. Mtu wa mnada, aliyekuwa akibishana na madalali mpaka wanachoka.

Kila neno alilosema lilikuwa linaniambia kwamba hatuelewani, na mimi sikumwuliza swali moja zaidi. Nilikuwa nimejizoeza kutouliza. Niliamini ni heshima kutomsumbua aliyefiwa kwa maswali, lakini ukweli ni kwamba mtu akianza kueleza, hukaa, hufikiri, na pengine hubadilisha nia.

Baba yako alilifanyia kazi lile sanduku kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilipiga msasa mpaka likawa laini kama kibuyu cha zamani. Mimi nikashona satini na mto.

Mzee Abdi alirudi siku ya Ijumaa, mapema, na vijana wawili na pikapu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mkewe, Halima, alikuwa amefariki alfajiri hospitalini. Huyo alikuwa mama mpole aliyekuwa akituuzia maziwa ya ngamia, na ugonjwa wake hatukuujua. Kwa hivyo siku ile ya kwanza, nilipokuwa nikimpa pole, hakuwa amefiwa na mtu. Hilo lilinichanganya, lakini nikafunua shuka niliyokuwa nimelifunikia sanduku, nikasogea kando.

Alilitazama kwa muda. Aliinua kifuniko, akagusa mto, akakirudisha. Vijana wakatazamana. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Mama Ndinda, hii haina njia ya kutoka."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Kwao maiti haingii kaburini na sanduku. Huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, kisha huwekwa juu ya kitu cha kubebea, na hicho cha kubebea ndicho wanachokiita jeneza. Wakifika makaburini wanamtoa, wanamlaza udongoni kwa mikono yao, na jeneza linarudi msikitini kumngoja mwingine. Msikiti wa Mutomo haukuwa nalo. Ndugu yake alipofariki mwaka uliotangulia walimbeba juu ya kitanda, na mguu wa kitanda ukavunjika njiani. Mzee Abdi akaahidi kwamba atauletea msikiti jeneza la kudumu, la kutosha mtu yeyote, mrefu au mfupi. Hakujua kwamba mkewe ndiye angekuwa wa kwanza.

Sisi hapa tunasema jeneza na sanduku kama neno moja, kile kitu kinachoteremka kikabaki huko chini. Yeye alisema Kiswahili cha wenye dini yake na mimi nikasikia cha dukani kwangu. Kaburi lilikuwa linachimbwa wakati huohuo, na mazishi yalikuwa baada ya sala ya mchana.

Nilianza kuomba msamaha. Baba yako akanikatiza, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alimwambia Mzee Abdi, "Mzee, nichoree."

Mzee Abdi akachukua fimbo yake, akachora juu ya unga wa mbao hapo sakafuni, karibu na mahali nilipoketi sasa. Kitu kisicho na kifuniko, kuta fupi, miguu mifupi minne, na mipini mirefu mbele na nyuma ya kushikia watu wengi wakipokezana. Baba yako alitazama mara moja, akachukua msumeno. Alipasua kuta alizokuwa amezipiga msasa siku nzima. Mimi nikaingiza vidole, nikaing'oa satini, pini zikinichoma, mto nikautupa pembeni. Hatukuwa na mbao ndefu za mipini. Baba yako akatoka nje, akang'oa nguzo mbili za kibarazani, zile za mti mgumu, akazipiga randa akiwa amepiga magoti. Mabati ya kibaraza yakainama. Uliporudi kutoka shuleni uliuliza ni ng'ombe gani amegonga duka.

Walilichukua kabla ya adhana, rangi ya mbao ikionekana kila palipopita msumeno. Baba yako alifuata nyuma ya pikapu kwa miguu, akaenda mpaka makaburini. Mimi nikaenda kuketi na wanawake nyumbani kwa marehemu, na hakuna aliyenilaumu, maana walikuwa na huzuni kubwa kuliko kosa langu.

Mchana ukiwa umetulia nilirudi dukani, nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Wanaume wanne walikuwa wanapita barabarani wamelibeba jeneza likiwa tupu. Hawakutembea polepole. Walitembea kama watu wanaorudisha ngazi waliyoazima kwa jirani, wakizungumza. Nilikuwa nimesimama, kama tunavyosimama maiti ikipita, na nikawa sijui kama niketi au niendelee kusimama. Ndinda, mimi nilikuwa nimeuza masanduku mengi sana, na sikuwa nimewahi kuona moja likirudi.

Baada ya siku chache Mzee Abdi alikuja. Nilimwambia alicholipia na alichopewa si kimoja, kwamba kioo, satini, vishikio na kifuniko vimebaki hapa, na bei ya kilichobaki ni hii. Nikamtolea pesa zilizozidi. Kabla hajazipokea akaniuliza kwa nini nilimpa ya juu kabisa.

Nikamwambia, "Ulisema unataka la kudumu, Mzee."

"Kudumu nilisema," akajibu. "Heshima sikusema. Hiyo uliandika wewe."

Alisema huku akinyoosha kidole kwenye kile kipande cha katoni. Kisha akapokea pesa zake, akazihesabu mbele yangu kama mtu wa biashara, akaniomba chai. Akanywa, akazungumza habari za malisho, akaenda zake.

Siku hiyohiyo niliondoa katoni zote. Baba yako aliniona, akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akasema yale majina hakuyapenda tangu mwanzo, kwa sababu hata hilo nililoliita la kawaida yeye alikuwa akilipiga randa vilevile. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema aliona masanduku yanauzika.

Tangu wakati huo nataja mbao na umbo. Hili ni la saiprasi, hili ni la mahogani, hili lina kitambaa, hili halina, bei yake ni hii pamoja na vishikio na msalaba, usafiri ni kando. Nasema kwa sauti ya kawaida, hata la bei ya chini, kama mtu anayeuza unga. Na kwanza namwuliza mtu anamzika nani, kisha nangoja. Wengine hujibu kwa neno moja. Wengine huketi na kusimulia mpaka chai inapoa. Mauzo yalipungua, sitakuficha. Lakini hatukulala njaa.

Huko unakoenda utauza kwa watu wa kila namna, na neno jeneza utalisikia kwa maana zote mbili kwa siku moja. Uliza. Uliza hata ukionekana mshamba kutoka Ukambani. Na katika zile picha nimeona mnauza pia yale masanduku ya zege yanayotangulia kaburini ili kasketi, lile sanduku pana la pembe nne, iwekwe ndani yake. Mtu akikuuliza kama litamhifadhi marehemu, mwambie linazuia udongo usititie juu ya kaburi, basi. Usiliongezee kazi ambayo haliwezi kuifanya.

Nilidhani nimeshajifunza. Kisha baba yako akafa.

Ulikuwa darasa la sita. Unakumbuka alivyoanguka hapa karakana, na unakumbuka mochari kwa nje. Ya ndani hukuyajua. Baba yako mkubwa Kioko alinipigia simu kutoka Nairobi, akaniambia nisitengenezeshe kitu, yeye atakuja na sanduku. Nikamwambia asante. Nikawapigia wachimbaji kule Mbooni, nikawaambia wachimbe kaburi la sanduku. Unajua kule wanavyochimba, shimo pana juu, halafu ndani yake wanachimba jingine jembamba la kukaa sanduku lenyewe, ili juu yake zipangwe mbao kabla ya udongo. Wakachimba la mabega, kama walivyozoea.

Kioko hakuja na sanduku. Alikuja na kasketi. Hukuwa umewahi kuiona moja, na nakumbuka uliniuliza kama ni kabati. Pembe nne sawasawa, pana juu mpaka chini, kifuniko cha vipande viwili vyenye bawaba, ili kile cha juu kifunguliwe watu wauone uso na cha chini kibaki kimefungwa. Vyuma vya kushikia vimezunguka pande zote. Ilikuwa nzito hata ikiwa tupu. Mimi mwuzaji, ninayejua tofauti ya kitu na kitu kwa nusu inchi, niliitazama pale mochari na kaburi halikunijia akilini hata kidogo. Siku hiyo sikuwa mwuzaji. Nilikuwa mjane, na nilichokifikiria ni kwamba kola ya shati lake imepigwa pasi vibaya.

Kule Mbooni gari lilifika mwisho wa barabara pale madukani, na kutoka hapo unakijua kile kinjia. Vijana walishuka nayo wakipokezana, wanateleza, wanaitua, wanapumua. Mmoja aliumia bega. Tulipofika na kuiteremsha, ilikwama. Haikuingia hata ncha. Ilikaa juu ya lile shimo la ndani kama kifuniko cha sufuria kubwa juu ya sufuria ndogo, na baba yako ndani yake.

Ikatolewa tena, ikawekwa juu ya nyasi. Pasta akaanzisha wimbo, ukaisha, akaanzisha mwingine. Watu wakaanza kuketi. Shangazi yako akakupa chungwa na ukalishika bila kulimenya. Wachimbaji wakaja kuniuliza nilikuwa nimewaambia nini, na mimi nikawajibu nilivyowaambia, na nikajua hapo hapo kilichotokea. Kioko alisema sanduku akimaanisha kasketi. Mimi nikasikia sanduku, nikapitisha sanduku. Mara ya pili maishani mwangu, neno moja, na safari hii ni baba yako aliyekuwa akingoja juani.

Kioko alinijia nyuma ya mgomba. Nilitarajia atanikasirikia, maana watu wa kwao walikuwa wameanza kunong'ona. Alikuwa analia. Aliniambia kwamba baba yako hakuwahi kuingia nyumbani kwake Nairobi, hata siku moja. Kila mara alipotaka kwenda, yeye alimwambia mwezi ujao, kwa sababu alikuwa amejenga nyumba nzuri na aliona haya kwamba ndugu yake ni fundi wa masanduku ya maiti, majirani wangeuliza anafanya kazi gani.

"Nilipoingia kwa lile duka, Mama Ndinda, nilitaka kitu cha kadiri," akasema. "Yule msichana akaniambia ndugu yako anastahili kilicho bora. Nikaona ni kama amejua."

Nilimjua yule msichana ingawa sijawahi kumwona. Nilimjua vizuri sana.

Kioko akavua koti, akanipa nilishike. Akaenda akachukua jembe mkononi mwa mchimbaji mmoja, akaingia kaburini na viatu vyake vya ofisi, akaanza kupanua. Wachimbaji walitaka kumtoa, mzee mmoja akawaambia wamwache. Alichimba upande wa kulia, akahamia wa kushoto. Udongo wa Mbooni ni mwekundu na mzito, ukamshika mpaka magotini. Tai ikamning'inia, akaitupa begani. Hakuna aliyeimba tena. Tulisikia jembe tu, na pumzi zake. Alipotoka mikono ilikuwa imechubuka na suruali haikuwa na rangi, na akasema, kwa kila mtu, "Sasa ataingia." Akaingia.

Wewe unachokumbuka ni kwamba baba mkubwa alijichafua na watu wakasema amelewa. Hakuwa amelewa, Ndinda. Nimekuacha uamini hivyo kwa sababu habari ile ilikuwa yake, si yangu. Mwaka huu nilimwomba ruhusa ya kukuandikia na amekubali. Ameniambia nikuambie pia kwamba ile kasketi haikumpunguzia chochote, na kwamba kile kilichompunguzia kidogo ni kuchimba.

Mimi simlaumu yule msichana wa Nairobi. Alifundishwa sentensi akaisema vizuri. Hakuweza kujua imeingia wapi. Lakini wewe sasa unajua. Watakuja kwako watu waliofanya vizuri kwa marehemu wao, na hao hununua haraka na kwa utulivu, hata kitu kidogo. Na watakuja wengine ambao walisema mwezi ujao. Hao ukiwagusa kidogo tu watakupa chochote, watauza ng'ombe, watauza shamba. Utawatambua, kwa sababu hawaulizi bei. Kwa hao wewe itaje bei kabla hawajauliza, kwa sauti, pamoja na kila kitu. Waonyeshe na kile cha chini, usikipite haraka. Kama bado wanataka kasketi, wauzie kasketi. Wana haki yao, na wewe umeajiriwa kuuza. Kisha waulize kama waliomchimbia wanajua upana wake.

Limebaki jambo moja, na ni langu.

Watu hudhani mtu mwenye duka kama letu ameshajichagulia. Wateja huniuliza kwa mzaha, Mama Ndinda, lako ni lipi hapa? Hucheka, mimi nami hucheka. Nimewahi kujaribu kuchagua. Nimesimama hapa peke yangu, nikatazama moja baada ya jingine, nikafikiria mbao, nikafikiria bei, na kila nikitaka kuamua namwona mtu mmoja amesimama kando yake, na mtu huyo si mimi. Ni wewe. Mimi nitakuwa nimeshamaliza.

Kwa hivyo sijachagua, na sitachagua. Sikuachii maagizo ya kutimiza wala kukosea. Siku hiyo utaingia duka fulani, hata kama ni lako mwenyewe, na utakuwa binti tu kama nilivyokuwa mjane tu, na mtu atakuambia maneno mazuri. Pengine utakuwa hujaja nyumbani muda mrefu. Pengine utakuwa uliniambia mwezi ujao, maana Mombasa ni mbali na kazi ni kazi. Usije ukalipia hilo. Nunua unachoweza kulipa bila kukopa, kiwe cha mbao gani, kiwe cha umbo gani. Jioni hiyo ukiweza kula na kulala, ulichagua vizuri, na mimi nimekubali kuanzia leo.

Ni mimi mama yako,
Syombua